Volti Zilizoliwa Njiani

Pampu hii ni ya tatu, Mama Chedego,
na bado pikapu inakuzimikia palepale,
ukishapita Ihumwa, jua la saa saba,
kreti za zabibu mgongoni
zikianza kutoka machozi.

Ya kwanza ulinunua mpya, ndani ya boksi lake.
Ya pili ilitoka kwenye gari lililokatwa.
Ya tatu, fundi alikuapia kwa mama yake mzazi.
Wote waliilaumu pampu
kwa sababu iko mwisho wa mstari,
na aliye mwisho wa mstari
ndiye huonekana mvivu.

Mimi sikuigusa.
Yaredi, lete mita.
Kwenye betri, injini ikinguruma: kumi na tatu nukta nane.
Tukalala chini, vumbi la Kizota masikioni,
tukapima mdomoni mwa pampu:
kumi nukta tano.
Yaredi akaigonga mita, akadhani imechoka.
Haijachoka, mdogo wangu.
Volti tatu na ushee zimeliwa njiani.

Nayajua haya. Mwaka wa njaa, nikiwa mtoto,
lori la mahindi liliondoka mjini limejaa,
watu waliliona kwa macho,
na kwetu tukapimiwa kibaba kwa kaya.
Hakuna aliyeiba, waliapa.
Kila mkono uliopokea
ulibaki na punje chache tu.

Basi tuufuate waya.
Umetoka betri, ukapita swichi ya funguo,
ukazama chini ya dashibodi
kwenye soketi iliyoota ukijani,
ukakutana na king'ora kilichokufa zamani,
ukaungwa kwa kusokotwa, ukavishwa tepu ya fundi bomba,
ukaingia chini ya zulia,
mwembamba kama uzi wa kushonea viroba,
mita nne na nusu mpaka kwenye tangi.
Gusa kila kiungo: kina joto.
Joto hilo ndilo umeme wako, Mama.
Miaka yote hii ulikuwa unapasha zulia.

Nikakata waya mpya, mwekundu, wa milimita nne,
nikauchuna ncha kwanza niuone moyo,
maana siku hizi kuna aluminiamu
inayojipaka rangi ya shaba.
Fyuzi, shubiri moja tu kutoka betri.
Kisha rilei, nikaifunga juu, maji yasiifikie.
Mpira kila penye tundu la bati;
bati hukata taratibu, kama maneno ya wifi.
Na waya hasi, ambao wengi huusahau:
nikakwangua rangi kwa msasa
hadi chuma kikacheka,
nikakaza nati, nikapaka grisi.
Kinachokwenda lazima kiwe na njia ya kurudi.

Yaredi alikwisha shika koleo
autoe ule wa zamani.
Acha, nikamwambia.
Huo tunaupa kazi nyingine.
Ukiwashwa ufunguo, utapeleka neno tu kwenye rilei,
fungua,
na mzigo utabebwa na mwenzake.

Nilimkumbuka mama
mwaka bomba lilipofika kijijini.
Alishusha ndoo, akakaa kizingitini,
akawa anatuma tu:
wewe nenda, wewe osha pipa.
Sisi watoto tulisema amekuwa mkali.
Shingo yake ilikuwa inapumzika
na hatukuwa na mita ya kuipima.

Washa.
Tiki.
Pampu haikulia kama mbuzi aliyefungwa juani.
Iliimba chini chini, sauti moja, haipandi haishuki.
Yaredi akasoma: kumi na tatu nukta tano.
Akasoma tena, kwa sauti ya kanisani.

Mama Chedego akauliza, na zile pampu mbili?
Zilikuwa nzima, nikasema. Zote tatu.
Akanyamaza muda mrefu, akitazama upande wa Hombolo.
Moja niliitupa chooni, akasema.
Ya pili mjukuu anaichezea.

Halafu akazima gari.
Akaliwasha.
Akazima, akawasha tena,
kichwa kimeinama kidogo,
asikilize tu ile tiki.